Kabla ununue maiki ya kurekodi sauti nyumbani: mwongozo kamili unaoanzia kwa chumba chako

Kila mara kuna mtu ananitumia vesi kwa WhatsApp na swali ni lile lile, mbona natoka kama niko ndani ya tangi la maji na maiki ni mpya? Juzi ilikuwa dogo wa Nyalenda hapa Kisumu. Aliweka akiba ya boda miezi mitatu, akanunua maiki ya BM-800 na mkono wake wa chuma na kile kichujio cha mviringo, paseli ikafika, akachomeka kwa simu, akasikia shhhhhhh na sauti yake kwa mbali kama redio ya jirani. Kabla yake kulikuwa na mama wa kwaya kutoka Kakamega, yeye alikuwa na maiki nzuri kabisa, shida ni alikuwa anaimbia kichwa cha maiki na hiyo maiki inasikia kwa ubavu.

Wote wawili waliuliza watu "ninunue maiki gani" na wote wakajibiwa jina la maiki. Jina ni kitu cha tano kujua hapa, na ukilianza nalo utanunua mara mbili. Fuata hatua vile zimepangwa, ata kama unaona ya kwanza haina maana.

Vitu vya kuwa navyo kabla uanze

- Simu yenye rekoda, yoyote ile.
- Hedifoni za waya, zinazofunika masikio. Za Bluetooth weka kando, zinachelewesha sauti na utaimba ukiwa nyuma ya biti.
- Blanketi mbili ama tatu nzito. Mtumba za Kibuye ziko sawa, ukienda Jumapili unachagua.
- Karatasi na kalamu.
- Mistari minne ya wimbo wako, ile ile, utaiimba mara nyingi mpaka uichukie.
- Bajeti yote kwa karatasi: maiki, kebo, stendi, na intafesi (kiboksi cha kuunganisha maiki na laptopu) kama itahitajika. Watu wanaandika maiki peke yake alafu wanabaki na maiki kwa boksi wiki sita wakitafuta pesa ya kebo.
- Laptopu ama simu utakayorekodia. Programu isikusumbue, Audacity ni ya bure kwa laptopu na BandLab ni ya bure kwa simu.

Hatua ya 1: Sikiza chumba, sio maiki

Weka simu kwa kiti, katikati ya chumba, ianze kurekodi alafu utoke nje dakika mbili. Fanya hivyo asubuhi, saa nane mchana, na saa nne usiku. Kisha vaa hedifoni usikize, na uandike kila kitu unachosikia.

Utashangaa. Mimi nikiwa bedsita Free Area kule Nakuru nilikuwa naamini chumba changu ni kimya, kumbe nilikuwa nimezoea tu malori ya barabara kuu. Masikio yakizoea kelele yanaiacha, maiki haizoei kitu. Kwa hio karatasi utapata friji, feni, mtoto wa jirani, jogoo, sabufa ya kinyozi, na mabati. Mabati yanataka mstari wake peke yake juu si mvua tu inayaliza, ata jioni jua likishuka yanapoa na kupasuka pa! pa! na hio pa huwezi kuitoa kwa rekodi baadaye bila kuumiza sauti.

Sasa simama mahali unafikiria utaimbia na upige makofi moja kwa nguvu. Makofi yakikata hapo hapo, tah, uko sawa. Yakiacha mkia kama chuma kimegongwa, taaang, hio ndio sauti ya tangi la maji watu wananitumia. Inatoka kwa kuta tupu za simiti, sakafu ya tailsi na paa lisilo na silingi. Hakuna maiki ya bei yoyote itakayoiondoa, na ile ya bei ghali zaidi mara nyingi itaionyesha vizuri zaidi.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye vitu viwili: saa gani chumba kiko kimya, na makofi yanasema nini. Kwa Kisumu na Kakamega usiweke mpango wa kurekodi saa tisa ama kumi alasiri msimu wa mvua. Hio ni saa ya mvua, na mvua kwa mabati imemaliza mjadala.

Hatua ya 2: Tengeneza kona moja, sio nyumba nzima

Hauhitaji studio. Unahitaji mita moja na nusu kwa mita moja na nusu ambayo haijibu ukiongea.

Chumba cha kulala ni bora kuliko sebule, kwa sababu godoro, nguo na mapazia yanakunywa sauti. Funga blanketi kwa kamba ama misumari, iache nafasi ya vidole vinne kutoka kwa ukuta ndio ifanye kazi zaidi, usiigandamize.

Sasa hapa ndio karibu kila mtu anakosea. Watu wanaweka blanketi nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia mbele na zinapuuza nyuma, mbele ya maiki uko wewe, na nyuma yako kuna ukuta. Kwa hivyo maiki inakusikia wewe pamoja na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Blanketi ya kwanza inaenda huko, mgongoni kwako. Ya pili ubavuni, ya tatu ubavu ule mwingine.

Na kelele je? Kelele ipe kisogo cha maiki. Kama dirisha liko upande wa barabara, wewe tazama dirisha, na maiki ikutazame wewe, ili mgongo wake uwe kwa dirisha. Kabati la nguo likiwa nyuma yako, mlango wazi, nguo zikining'inia, tayari umefanya kazi kubwa bila shilingi.

Onyo kuhusu trei za mayai. Najua umeziona kwa ukuta wa kila studio ya mtaani kuanzia Kondele hadi Kaptembwa. Karatasi ile ni nyepesi, inagusa kidogo tu sauti za juu kabisa, zile nene zinapita kama hakuna kitu, jirani bado anakusikia na wewe bado unamsikia. Alafu zinashika moto haraka na wewe uko ndani na mlango umefunga na ekstensheni imejaa chaja. Toa.

Rudia makofi ndani ya kona. Rudia mistari minne kwa simu, moja katikati ya chumba na moja ndani ya kona. Usiendelee hatua ya tatu mpaka tofauti isikike ata kwa mtu ambaye hajaambiwa kitu. Mimi humpa dada yangu, yeye hajali mambo ya muziki kabisa, akisema "hii ya pili uko karibu" najua imekubali.

Hatua ya 3: Angalia utachomeka wapi

Maiki ni nusu ya kitu. Nusu ingine ni tundu inayoingia. Hapa ndipo pesa ya dogo wa Nyalenda ilipotelea.

Kuna njia tatu.

USB. Kebo moja inaingia kwa laptopu, ama kwa simu ukiwa na adapta ya OTG, ile ya kuingiza kebo ya USB kwa simu. Kila kitu kiko ndani ya maiki. Hii ndio njia fupi na kwa mtu mmoja anayerekodi sauti yake pekee haina aibu yoyote. Tafuta yenye tundu ya hedifoni kwa maiki yenyewe, utajisikia bila kuchelewa.

XLR. Ile plagi ya duara ya pini tatu. Hii inataka intafesi, kile kiboksi kinachokaa kati ya maiki na laptopu, kama Focusrite Scarlett Solo ama Behringer UM2. Ni gharama zaidi leo lakini kesho unabadilisha maiki bila kubadilisha kila kitu, na gitaa inaingia hapo hapo.

Pini ndogo ya milimita 3.5. Hii ndio mtego. Maiki ya kondensa, zile za kusimama wima zenye mwili mnene, zinaishi kwa umeme unaoitwa fantomu, volti 48, unaopanda kwa kebo ya XLR kutoka kwa intafesi. BM-800 inauzwa na kebo ya kuishusha mpaka pini ndogo, na simu ama laptopu inatoa volti chache tu kwa hio tundu. Maiki inaamka nusu. Inatoa sauti, ndio maana watu wanadhani inafanya, lakini ni hafifu, unaongeza sauti kwa programu, na shhhhh inapanda pamoja nayo.

Kitu kingine kuhusu hio pini. Itazame kwa karibu, hesabu mistari myeusi iliyozunguka chuma. Mistari miwili, simu nyingi haitaisikia maiki, itaendelea kutumia maiki yake ya ndani na wewe unaimbia chuma bure. Mitatu, hio ni ya simu. Kuna mtu nilimwambia agonge maiki yake kwa kidole wakati anarekodi, alafu agonge simu. Kugonga simu ndio kulisikika. Alikuwa amerekodi wimbo mzima na simu iliyolala kwa meza.

Onyo la fantomu: shusha geini yote (ile nobu ya kuongeza nguvu ya sauti ya maiki) kabla ya kuwasha ama kuzima hio 48, na usichomoe kebo ikiwa imewashwa. Ule mlipuko wa puh! kwa hedifoni si mzuri kwa masikio.

Mwisho wa hatua hii andika neno moja kwa karatasi: USB ama XLR. Pini ndogo ifute.

Hatua ya 4: Dainamiki ama kondensa

Sasa ndio tunafika kwa maiki.

Dainamiki ndani ina koili ndogo iliyoshikana na utando, ukiimba utando unasukuma koili ndani ya sumaku. Ni ngumu, haitaki fantomu, ikianguka inaokotwa. Kondensa ina utando mwembamba sana mbele ya bamba lenye chaji, ni mwepesi kuliko koili kwa hivyo unasikia ata mate mdomoni, pumzi, nguo ikisugua.

Mtaani wanasema kondensa "inavuta mbali" na dainamiki "haivuti". Hio ni nusu ukweli na imewapoteza wengi. Kitu kinachofanya kelele ipungue ni umbali. Ukisogea nusu ya umbali uliokuwa, sauti yako inapanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa maiki, lakini kelele ya chumba inabaki pale pale ilipokuwa. Dainamiki za kuimbia zimetengenezwa kuimbiwa midomo ikiwa karibu na nyavu, kwa hivyo unashusha geini, na ukishusha geini jogoo naye anashuka. Kondensa ukiisogelea hivyo inajaa besi na pumzi, kwa hivyo unakaa mbali kidogo, unapandisha geini, na jogoo anaingia.

Basi chukua karatasi yako ya hatua ya kwanza na ya pili.

Makofi bado yana mkia ata baada ya blanketi, ama kelele haiishi siku nzima, nunua dainamiki. Usibishane na mimi. Nyumba nyingi tunazopanga, plastiki kwa dirisha, mabati juu, jirani ukuta mmoja, jibu ni hili.

Makofi yanakata vizuri na una masaa mawili ya kimya usiku, kondensa itakulipa, hasa kama unaimba polepole, kwa sauti ya chini, vitu vya kunong'ona, ama unafanya sauti nyingi za kujibizana ukiwa peke yako.

Sauti yako pia ina neno. Mtu wa ohangla anayeimba kwa nguvu na sauti inayokata, kondensa ya bei ya chini itamfanya awe wembe, kila "s" inachoma. Dainamiki itampoza. Mtu mwenye sauti nzito yenye ukungu akiingia kwa dainamiki anaweza kuzama chini ya gitaa la besi, huyo kondensa inamfungua. Hujui uko wapi? Sikiza rekodi yako ya simu, sema "sisi sasa siku zote". Ikikuuma sikio, uko kundi la kwanza.

Hatua ya 5: Sasa majina

Bei sitaandika, dola ikipanda leo kesho utaniita mwongo. Nitasema tu vile zinafuatana.

*Chumba kina kelele na hauna intafesi:* Samson Q2U. Ni dainamiki, ina USB na XLR kwa mwili mmoja, na tundu ya hedifoni chini. Leo unaanza na USB, siku ukipata intafesi hautupi maiki. Kwa mtu wa kwanza kabisa hii ndio ninayoisema kabla hajamaliza swali.

*Chumba kina kelele na intafesi iko:* Shure SM58. Ndio, ile ile ya stejini na ya mahubiri. Watu wanaidharau kwa sababu wameiona kanisani, lakini inarekodi sauti vizuri, na ukimaliza kurekodi Jumamosi unaibeba kwa shoo.

*Chumba kimya, bajeti ya wastani:* Audio-Technica AT2020, ya XLR. Lazima ipate fantomu.

*Chumba kimya sana, bajeti imenona:* Rode NT1. Kila kondensa ina kelele yake ya ndani, na ya NT1 ni ndogo sana, desibeli 4.5, ukilinganisha na AT2020 ambayo ni 20. Lakini uelewe vizuri, hio faida unaipata tu kama chumba chenyewe ni kimya sana. Ukiiweka pembeni ya barabara ya Kondele umenunua kiti cha ngozi ukakiweka juani.

*Shure SM7B:* utaiona kwa kila podikasti. Ni maiki nzuri, sio ya kuanzia. Inatoa sauti ndogo sana, inataka angalau desibeli 60 za geini safi, na intafesi nyingi za bei ya chini zikifika hapo zinaanza kutoa shhhh. Ukiinunua unanunua pia kitu cha kuisukuma.

Na BM-800? Kama tayari unayo, usiitupe. Ipe intafesi yenye fantomu kamili na kebo ya XLR pande zote mbili, uisikize tena. Hautaitambua. Kama hauna, pesa hio ongezea.

Hatua ya 6: Kununua bila kuchezwa

Nilichezwa, nitakwambia vile. Nilinunua SM58 kwa duka fulani, boksi limefungwa vizuri, ndani kuna kebo ya bure na maiki ina swichi. Nilifurahia kebo. Hio kebo ndio ilikuwa inaniambia ukweli, mimi sikusikia.

Boksi lililoandikwa SM58-LC halina kebo ndani, hizo herufi mbili maana yake ni hivyo. Na hio ya LC haina swichi, yenye swichi ni SM58S. Sasa boksi likisema LC alafu maiki ina swichi na kebo ya zawadi, rudisha boksi taratibu na uage.

Uzito ni gramu 298. Omba mizani ya duka jirani, hakuna atakayekunyima dakika moja, yangu ilikuwa nyepesi ata kwa mkono lakini sikuwa nimewahi kushika ya kweli. Uzito ukipungua sana ni feki, ukifika bado usishangilie, kuna feki zenye chuma imeongezwa ndani. Na bei ikiwa robo ya bei ya wengine, hauhitaji mizani.

Kwa maiki yoyote, nenda na laptopu ama simu yako, hedifoni zako, na mistari yako minne. Rekodi dukani. Duka litakuwa na kelele, haina shida, unatafuta vitu vitatu tu: sauti inatoka bila kukatika ukitikisa kebo, hakuna mngurumo wa zzzz, na ukizunguka nyuma ya maiki sauti yako inashuka sana. Maiki inayosikia nyuma sawa na mbele na wameandika ni ya kusikia mbele, iache.

Ukiagiza Nairobi na ije kwa basi, ongea mambo ya kurudisha kabla ya M-Pesa, na uache ujumbe ulioandikwa, sio simu. Fungua paseli ukirekodi video kuanzia tepu ikiwa bado nzima. Wauzaji wazuri hawakasiriki na hio.

Hatua ya 7: Usiku wa kwanza na maiki

Hapa mtu anaharibu maiki nzuri kwa dakika tano, kwa hivyo polepole.

*Jua uso wake.* SM58 na Q2U zinaimbiwa kwa kichwa, kama aiskrimu ya koni. AT2020, NT1 na BM-800 zinaimbiwa ubavu, maiki inasimama wima na wewe unaimbia upande wa mbele. NT1 ina kitone cha dhahabu, kitone kikutazame. AT2020 nembo ikutazame. Yule mama wa kwaya alikuwa ameielekeza kichwa mdomoni kama ya kanisani, tukaigeuza tukiwa kwa simu tu na akanyamaza sekunde kumi alafu akasema "kumbe."

*Umbali.* Dainamiki, vidole vinne vilivyolala kati ya midomo na nyavu. Kondensa, shubiri moja, kidole gumba kwa maiki na kidole kidogo kwa midomo. Ukisogea karibu zaidi besi inaongezeka yenyewe, ukirudi nyuma chumba kinaingia. Kwa sehemu ya kupaza sauti, rudi nusu hatua ama geuza uso kidogo, usiguse geini.

*Maneno yanayopuliza.* Kiswahili kina P na B nyingi, na nyimbo za sifa ndio usiseme, Baba, pokea, pendo, Bwana, kila mstari ni bomu. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "Baba pokea", utasikia upepo. Upepo huo ukigonga utando unatoa dhumm. Weka kichujio katikati, na kama hauna, hanga ya waya ikunjwe duara, vuta stokingi safi juu yake, funga. Inafanya kazi, sio mzaha. Alafu sogeza maiki iwe usawa wa pua ikitazama chini kwa mdomo, ama kando kidogo, upepo upite pembeni na sauti ifike.

*Geini.* Imba sehemu yenye nguvu kabisa ya wimbo, sio "hello hello". Pandisha mpaka kilele kwa mita ya programu kiguse kati ya desibeli -10 na -6. Kikigusa 0 sauti inapasuka na hio haitengenezeki. Usiogope ikionekana ndogo kwa skrini, kama intafesi inarekodi kwa biti 24 (hizi si biti za muziki, ni kipimo cha ubora wa rekodi) una nafasi tele ya kuongeza baadaye.

*Mngurumo.* Ukisikia zzzz, chomoa chaja ya laptopu kwanza. Mara nyingi inaisha hapo, juu soketi zetu nyingi hazina athi (waya wa ardhini) ya maana. Ikibaki, badilisha kebo. Rekodi na betri imejaa, na pia stima ikipotea katikati ya vesi hautalia.

*Hedifoni.* Shusha biti. Ukiiweka juu inatoroka kwa masikio, inaingia kwa maiki, na prodyusa atakuuliza mbona kuna hai-hati, ile tsi tsi ya ngoma, ndani ya sauti.

Imba mistari minne. Weka pembeni ya ile ya simu ya hatua ya pili, sauti zikiwa sawa kwa ukubwa, usikize kwa hedifoni, alafu kwa spika ya simu. Imekubali kama: kati ya mistari kuna kimya karibu kamili, maneno yote yanaeleweka bila kukaza sikio, "Baba" haipigi, "sisi" haichomi, na hausikii kuta. Kama ni nne kati ya tano, rekebisha umbali kabla ya kulaumu maiki. Kama ni mbili, rudi kwa blanketi.

Hatua ya 8: Weka alama sakafuni

Hii watu wanaicheka mpaka siku wanaihitaji. Bandika tepu miguu ya stendi inaposimama, tepu ingine vidole vyako vya miguu vinapofika, na upige picha ya geini kwa intafesi ama kwa skrini. Sababu ni kwamba sauti ya leo na ya kesho haziungani kama umesogea ata sentimita tano, mtu anasikia mshono.

Maiki ikitoka kwa stendi irudi kwa boksi, sio kuning'inia usiku mzima. Kondensa haipendi unyevu wa huku ziwani wala vumbi la Nakuru, na ule mfuko mdogo wa chembechembe uliokuja nayo uache humo humo.

Dogo wa Nyalenda aliiuza BM-800, akaongeza, sasa ana Q2U na blanketi mbili za Kibuye nyuma ya mgongo. Jana usiku amenitumia vesi mzima. Shhhh imeisha, tangi limeisha, lakini mstari wa tatu kuna jogoo, wazi kabisa, juu alianza saa kumi alfajiri badala ya saa nne usiku tulivyokubaliana. Nimemwambia arudie huo mstari mmoja tu leo usiku. Tepu ziko sakafuni.